Tezi Zinazosoma Saa Yetu

Mchwa hapigi hodi. Aliingia Ndubi siku ya gulio, saa tatu asubuhi, ndani ya tumbo la muuza dagaa aliyepanda kutoka bondeni, na mwenye tumbo hakujua kama amebeba chochote zaidi ya magunia yake. Alisalimiana na watu saba, akakaa, akaagiza chai. Alipofika kwenye andazi la pili, wale saba nao walikuwa wameshaambukizwa.

Sekela Mwaisumo aliyaona hayo kwenye kioo cha kompyuta, katika chumba cha mafundi cha zahanati, hatua mia mbili kutoka sokoni. Hakuona watu, aliona nukta. Nukta mia tatu arobaini na moja za kijani, kila moja tezi moja ya bandia iliyolala chini ya ngozi ya tumbo la mwana-Ndubi mwenye kisukari. Saba kati yake zilikuwa zimeanza kujibu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo huku akisikiliza lingine.

"Daktari," akaita. "Njoo uone. Njoo sasa hivi."

Daktari Restituta Komba akaja na glavu mkono mmoja. Alikuwa mama mnene wa Songea, mkuu wa zahanati kwa miaka tisa, asiyependa kuitwa mara mbili. Akainama, akazitazama zile nukta saba.

"Ndiye?"

"Ndiye. Sawasawa na taarifa za bondeni. Anaingia, analala saa tano, halafu anafungua bomba."

Huko bondeni alikuwa amefungua bomba juzi. Tezi huwekewa insulini ya miezi mitatu, nayo kazi yake ni kumdondoshea mwenyewe kidogo kidogo, kila mlo na fungu lake. Mchwa aliimwaga yote kwa mara moja. Watu arobaini walilazwa, tisa hawakuinuka. Aliyemtengeneza mdudu huyo wa kompyuta hakujitaja wala hakudai kitu, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi, maana adui anayedai kitu angalau unajua anataka nini.

"Saa tatu, ongeza tano," alisema Daktari. "Saa nane mchana. Tukizima mnara wa simu?"

"Hatumii mnara. Anapita kwenye kuitana."

Kuitana ndiko kulikozifanya tezi hizi zipendwe. Mwenye tezi akianguka shambani, tezi yake huziita tezi za jirani, nazo hutetema matumboni mwa wenyewe hadi mmoja atoke kwenda kumtafuta. Watu wengi Ndubi walikuwa hai kwa sababu ya mtetemo huo. Lakini aliyeiandika programu yake, miaka mingi iliyopita, hakufikiria kwamba anayeita anaweza kuwa mwizi. Tezi ikiitwa, ilifungua mlango bila kuuliza ni nani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na wazee hao hawakuwa wamewahi kuona tezi.

Dawa ilikuwepo, na hapo ndipo uchungu ulipo. Kampuni iliyotengeneza tezi ilikufa zamani, lakini programu yake ilikuwa na watu wa kuitunza: Warithi, chama cha mafundi wa nchi mbalimbali waliojitwisha kazi ya kuziba matundu katika programu zilizoachwa yatima. Walilijua tundu la kuitana tangu miaka minne iliyopita. Waliliziba, wakatoa toleo jipya, wakaandikia kila zahanati. Ndubi walipokea barua saba. Zote saba zilikuwa kwenye droo ya Sekela, zimefunguliwa, zimesomwa, zimekunjwa vizuri.

Hazikufanyiwa kazi kwa sababu ya kanuni ya nne ya Umoja wa Wenye Tezi, iliyobandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake: *Hakuna kusasisha.* Miaka kumi na minane iliyopita kampuni ilituma sasisho usiku, watu wakiwa wamelala. Kabla hakujakucha watu kumi na mmoja walikuwa wamekimbizwa hospitali, na Tupokigwe, mke wa Mzee Gwakisa, alikuwa amekufa. Kampuni iliirudisha programu ya zamani na mipangilio yake yote alfajiri ileile, ikaleta wachunguzi wenye suti, nao wakaandika maneno matatu: hitilafu ya mtumiaji. Ndubi nzima iliyasikia hayo kama tusi. Tangu siku hiyo, ukitaja neno apdeti sokoni, watu wanahama benchi.

"Lijaribu kwanza," alisema Daktari. "Kama lina sumu, tulijue sasa."

Sekela alikuwa na tezi moja ya majaribio, kuukuu, ikielea ndani ya bilauri ya maji ya chumvi. Akaipelekea toleo la Warithi. Ilimaliza kwa dakika saba, ikawaka buluu, ikaitika kila alipoiuliza. Akajaribu kuiingia kwa njia ya mchwa, ikamfungia mlango usoni. Akaanza kutabasamu, halafu macho yakamshukia kwenye mstari wa chini.

*Mlo ujao: jioni, 13:30.*

Asubuhi yote hii, mlo ujao ungekuwaje wa jioni? Cha mchana kimekwenda wapi? Akapandisha macho. Tezi ilisema sasa ni 9:22. Dakika saba zilizopita, kabla ya kusasishwa, ilikuwa imesema 3:15. Akaitazama saa ya kompyuta: 9:22. Akageuka kumuuliza Daktari saa ngapi, akijua kabisa atajibiwa nini.

"Saa tatu na dakika ishirini na mbili," alisema Daktari. "Kwani vipi?"

Sekela akaketi.

* * *

Miaka kumi na minane nyuma Sekela alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wake wa kwanza kazini. Tezi zilikuwa mpya, watu wakijifunza kuzigusa ili ziwaangazie saa ya kula kwenye kioo kidogo cha mkononi. Asubuhi moja bibi saba walikuja kwa maandamano, wamejifunga khanga kifuani, kiongozi wao Bibi Andembwisye.

"Mwanangu, hiki chombo ni kiongo. Kunakucha, jua limetoka, watoto wamekwenda shule, chenyewe kinaniambia saa nane. Nikikifuata nitakula chai mchana na ugali usiku wa manane."

Sekela alicheka. Aliwaeleza habari za Wazungu na saa zao zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, wakati mtu mwenye akili amelala. Bibi hao wakasikiliza kwa adabu, wakasema sawa, lakini kirekebishe. Akakirekebisha. Alirudisha saa nyuma kwa saa sita, ili saa mbili isomeke mbili, na milo nayo akaipanga upya kwa saa hizo: chai 1:30, cha mchana 7:00, cha jioni 13:30, wakaambiwa cha jioni watoe kumi na mbili, ibaki saa moja na nusu. Wengine wakasikia, wakaja. Kwa siku mbili alizirekebisha tezi zote, akalipwa ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakuandika kitu kwenye daftari la mafundi, kwa kuwa hakuona kama ni ufundi. Aliona ni adabu tu, kukifundisha chombo kigeni Kiswahili.

Miezi minne baadaye lilikuja sasisho. Likachukua saa sahihi kutoka mtandaoni, likaacha milo ilivyo. Chai ya 1:30, ambayo kwa Sekela na bibi zake ilikuwa asubuhi, kwa tezi iliyosahihishwa ikawa saa saba na nusu usiku. Tezi zote za Ndubi zikatoa fungu zima la chai kwa watu waliolala usingizi.

Wachunguzi hawakujua kwamba saa imeguswa, na mwenye kujua hakuulizwa, wala yeye mwenyewe hakuliunganisha. Huo ndio ukweli, naye angeweza kuapa. Kwa miaka kumi na minane aliitazama tezi ikisema tatu saa tatu, akaona sawa, kwa sababu ilikuwa sawa.

Alipomaliza kumweleza Daktari, ilikuwa saa nne kasoro. Nukta zilizochelewa zilikuwa thelathini na moja.

"Unaweza kulirekebisha hilo la milo?"

"Ndiyo. Nikiisogeza milo saa sita mbele, italingana na saa. Mistari minne tu."

"Basi andika mistari minne, utume."

"Toleo haliingii mpaka mwenyewe akubali. Anaweka kidole juu ya tezi dakika nzima."

"Mchwa naye anaomba kidole?"

Sekela akazihesabu upya nukta zilizochelewa.

"Tundu analopita unalijua," alisema Daktari. "Pita humohumo. Waponye wote, toka, lizibe. Wao waendelee kununua vitunguu."

Lilikuwa jambo linalowezekana, tena rahisi, na urahisi wake ndio uliomtia hofu. Njia ileile ambayo ingewaponya watu ingemficha na yeye. Hakuna ambaye angejua kwamba mke wa Mzee Gwakisa aliuawa na msichana wa zahanati aliyetaka kuwafurahisha bibi zake. Alijipima, akakuta kwamba sehemu yake kubwa inaitamani njia hiyo, na sehemu hiyo haikuwa ikiwafikiria wagonjwa.

"Kesho watagusa tezi zao saa tatu, ziseme tisa," alisema. "Watajua tumeingia. Unamkumbuka yule aliyejikata tezi kwa wembe mwaka ule? Wangapi watachukua wembe kesho? Na nikishaliziba tundu, siku mdudu mwingine akija sitakuwa na pa kupitia. Nitahitaji vidole vyao, na watakuwa hawaniamini milele."

"Mficha uchi hazai, sikatai. Lakini kuna mtu anayevua nguo katikati ya barabara lori likija." Daktari akavua glavu. "Mimi nataka watu wazima saa nane mchana. Ungamo lako lisinigharimu maiti, Sekela mdogo wangu."

"Nipe muda niwaulize."

"Mpaka saa saba na nusu. Ikifika hapo, atakayebaki unamwingilia bila kumwuliza. Niahidi."

Sekela akaahidi.

* * *

Kiwanda cha chai cha Ndubi hakikuwa na wafanyakazi tena. Mitambo ilichuma, ikakausha, ikafunga, ikapakia. Mtu pekee aliyebaki alikuwa Mzee Gwakisa, mpiga king'ora, kwa sababu baraza la mji lilikataa katakata kuamshwa na mashine. Alikuwa pia mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Tezi tangu ulipoundwa, siku arobaini baada ya mazishi ya mkewe. Kanuni ya nne aliiandika kwa mkono wake.

Sekela alimkuta kwenye chumba cha king'ora akimenya viazi. Akapiga goti kidogo, kama desturi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uso wako umekaa kimsiba. Nani?"

"Bado hakuna. Nimekuja kukuambia jambo la mama Tupokigwe."

Kisu kikasimama. Sekela akasema yote, pale pale, amesimama: bibi saba, saa, ndizi mbivu, chai ya saa saba na nusu. Halafu akasema habari za mchwa na saa nane mchana. Hakulia. Alijikataza kulia, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa ameketi.

Mzee Gwakisa hakumkatiza. Alipomaliza, mitambo ya kukaushia chai ilikuwa ikinguruma ukuta wa pili.

"Tezi ilidhani kumekucha," alisema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Ikampa dawa ya chai."

"Ndiyo."

"Na hapakuwa na chai." Akakiweka kisu chini, akakifuta kwanza kwa kidole gumba. "Nenda sokoni. Nitapiga mara tatu. Wakikusanyika, utawaambia wewe, kwa mdomo wako, usiache kitu. Mimi sitakusemea."

King'ora kilipiga mara tatu, kikaenea migombani na kwenye mashamba ya chai mpaka kwenye mabonde ya nyuma, na watu wakaacha walichokuwa wakikifanya. Mara tatu ilikuwa ni Umoja. Waliokuwa mbali waliwasha simu zao wasikilize.

* * *

Alisimama juu ya kreti la soda, akapewa kipaza sauti cha muuza dawa za panya. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nukta zilizochelewa zilikuwa mia moja na tisini.

Yule anayedhani ukweli ukisemwa watu hupiga makofi, angekuwepo. Alipofika kwenye kifo cha Tupokigwe, sauti ya kwanza ilitoka kwa wauza nguo: "Kumbe mchawi tunaye hapahapa." Mwingine akasema aliyeua kwa apdeti ya kwanza leo anataka kumalizia na ya pili. Mama mmoja kati ya wale kumi na mmoja, ambaye tangu siku hiyo mguu wake mmoja una ganzi, aligeuza mgongo, akaondoka na kapu lake bila kusema neno. Huyo alimuuma Sekela kuliko waliomtukana.

"Sikilizeni," alisema Sekela, na sauti yake ilikwaruza kwenye kile kipaza sauti. "Naomba mnisamehe, lakini sidai mniamini mimi. Nitawaonyesha mistari niliyoandika, ni minne, anayejua kusoma aje asome. Toleo hili litabadilisha saa. Kesho saa tatu tezi itasema tisa. Hiyo si sumu, ni saa ya mtandao, na milo tutaifuata hivyo. Chai itakuja asubuhi. Naombeni vidole."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Bibi Andembwisye, ambaye sasa alikuwa na miaka tisini na mitatu na alibebwa kwenye kiti chenye magurudumu, akagonga fimbo yake kwenye ndoo ya mtu.

"Saa tuliomba sisi," alisema. "Huyu alikuwa mtoto. Tulimjia wazee saba na maziwa, angetukatalia vipi? Kama ni jiwe, nipigeni mimi kwanza, nimeshachoka kukaa." Akaipandisha blauzi yake bila aibu yoyote, akaweka kidole tumboni. "Nihesabieni. Mimi sitini zinanipotea njiani."

Wajukuu wakamhesabia. Dakika saba baadaye nukta yake ikawa ya buluu. Watu wakamtazama kama wanaosubiri aanguke, na yeye akawatazama kama anayesubiri waone haya. Mzee Gwakisa alikuwa amesimama mbali, karibu na mizani ya kahawa. Mmoja akamgeukia.

"Mwenyekiti, unasemaje? Wewe ndiye mwenye msiba."

"Nimeyasikia kabla yenu," alisema Mzee Gwakisa. "Kanuni ya nne niliiandika mimi, naifuta mimi. Wekeni vidole." Kisha akageuka, akapanda njia ya kiwandani.

Ikawa kama mvua iliyoanza kwa matone. Kumi, ishirini, halafu soko zima watu wameinua mashati na kupandisha blauzi, wanahesabu kwa sauti, wanapotezana hesabu, wanaanza upya. Mafundi wawili wa simu walijitolea kuisoma ile mistari minne kwa waliokuwa majumbani. Muuza dagaa, ambaye saa yake haikuwahi kuguswa, alipewa toleo la Warithi lilivyo, bila ile mistari. Sekela alizunguka na kompyuta begani, akimfuata mmoja mmoja aliyesita. Yule mama wa kapu, Sekela alimfuata mpaka mlangoni kwake. Mama hakumkaribisha ndani. Alisimama kizingitini, akaweka kidole tumboni, akimwangalia machoni sekunde zote sitini, na zilipoisha akafunga mlango.

Saa saba na nusu, nukta za buluu zilikuwa mia tatu na arobaini. Moja ilikuwa bado kijani, inayochelewa. Sekela akaigusa, jina likatokea. Akalisoma mara mbili, kisha simu ikalia.

"Nimeona," alisema Daktari. "Muda umeisha. Mwingilie."

"Niko njiani kwake."

"Huhitaji kuwa njiani. Unaweza kumwingilia ulipo. Uliniahidi, Sekela."

"Niliahidi," alisema Sekela, akakata simu, akaanza kukimbia.

* * *

Sasisho lilihitaji dakika saba. Aliyajua hayo kila hatua ya mlima ule: likianza baada ya saa saba na dakika hamsini na tatu, mchwa angemaliza kwanza. Mzee alikuwa mmoja wa wale saba wa asubuhi. Alikuwa amenunua dagaa.

Alimkuta ameketi palepale, beseni la viazi miguuni. Saa ya ukutani ilisema saba na dakika thelathini na tisa.

"Baba, umebaki wewe."

"Najua. Daktari amenipigia. Ananiambia unaweza kuniingia bila mimi kutaka. Kweli?"

"Kweli."

"Mbona hujaniingia?"

Sekela alikuwa akihema. "Mara ya kwanza niligusa tezi zenu na sikumwambia mtu," alisema. "Sitaki iwe mara ya pili."

Mzee Gwakisa akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa.

"Siku ile tuligombana," alisema. "Mimi na Tupokigwe. Kuhusu nini, hata sikumbuki, kitu cha kuku nadhani. Nilimnunia. Naye akisusa, alisusa na chakula. Akalala na njaa. Mimi nilisikia tumbo lake likinguruma gizani, nikajifanya nimelala. Asubuhi alikuwa wa baridi." Akaokota kiazi kimoja, akakirudisha. "Nikasimama mbele ya watu nikasema ni apdeti. Nikaandika kanuni. Lakini ndani nilijua ni mimi. Miaka kumi na minane nimejua hivyo, na leo umekuja kuniambia ni wewe. Sasa nataka unijibu jambo moja, na usinidanganye. Wale kumi na mmoja waliopona walikuwa wamekula?"

Saba na dakika arobaini na nne.

Sekela alilijua jibu. Alikuwa ameyasoma mafaili yao asubuhi hii. Wote kumi na mmoja walikuwa wamekula usiku ule, wengine mpaka wakavimbiwa. Aliuona uongo umekaa tayari mdomoni mwake, mtamu, wenye huruma, wa neno moja tu. Angelisema, mzee angepumua, angeweka kidole. Na simu mfukoni ilikuwa ikitetema bila kukoma.

"Walikuwa wamekula," alisema.

"Kwa hiyo angekula angepona."

"Huenda. Sijui, baba. Hakuna anayejua. Lakini watu hununiana na kulala njaa kila siku katika nchi hii, na asubuhi huamka wakaendelea kununiana. Kulala bila kula si kosa la mtu kufa. Usiku ule lilikuwa la kufa kwa sababu yangu."

Mzee Gwakisa aliufumba mdomo wake, na kidevu kikaanza kutetemeka. Sekela hakuwahi kumwona mwanaume wa umri ule akilia, na hakujua aangalie wapi, basi akaangalia viazi. Saba na dakika arobaini na saba. Kompyuta ilikuwa begani. Angeweza kuifungua. Kidole chake kimoja kilikuwa tayari kwenye zipu ya mkoba, na hakukumbuka kukipeleka.

"Umeomba msamaha sokoni," alisema mzee. "Nilikuwa palepale, nimesikia. Umewaomba wauza mitumba, umewaomba wauza dagaa. Mimi ulikuja kunieleza. Kuniomba hujaniomba."

Ilikuwa kweli. Sekela akautua mkoba chini, akausukuma mbali kwa mguu, mbali kuliko alivyotaka. Akachuchumaa mbele yake, mikono pamoja, kama anavyofundishwa mtoto wa kike wa Kinyakyusa kabla hajafundishwa kitu kingine chochote.

"Baba, niliugusa uhai wa mama Tupokigwe kwa mkono wangu, nikakuacha ubebe mzigo usio wako. Naomba unisamehe."

Saa ya ukutani ikasogea dakika moja, ikasogea nyingine, ikafika saba na dakika hamsini. Sekela hakuinua uso. Simu ilinyamaza, Daktari alikuwa amekata tamaa, au alikuwa akikimbia mlimani.

"Ni ombi zito," alisema mzee. "Si la kujibiwa mtu ana haraka. Nitalilalia. Jibu nitakupa kesho, ukija kunywa chai."

Akafungua vifungo viwili vya shati, akatafuta tezi kwa kupapasa, akaweka kidole. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila haraka, na Sekela akahesabu pamoja naye ili asipotee, kwa sababu sitini ni mbali.